Kikowe cha Mwaitu

Mimi nikipalilia, napalilia. Sijui kupalilia nusunusu. Kama unataka shamba lako lipapaswe juujuu tu, tafuta mtu mwingine. Ukiniita mimi Apondi, ujue ikifika saa nne kila jani lililobaki limesimama pale kwa ruhusa yangu. Nayasema haya mapema ili ujue nililofanya sikulifanya kwa ubaya. Nililifanya kwa bidii.

Tunaishi Ziwani, zile nyumba za zamani za safu, na mbele ya kila mlango kuna kipande cha ardhi. Wengine wamemwaga simiti juu yake. Mmoja ameweka kibanda cha kinyozi. Mimi na jirani yangu Mwelu tumelima, huu mwaka wa ishirini na sita. Shamba langu ni hatua nane kwa tatu, lake ni hivyo hivyo, na katikati tumezika chupa za soda shingo chini ziwe mpaka, ingawa kazi yake kubwa ni kuwekea vikombe vya chai. Yeye ni Mkamba wa Makueni, alikuwa karani mpaka alipostaafu mwaka jana. Mimi ni Mjaluo wa Siaya, na marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli. Yeye huniita Mama Frankline, mimi humwita Mama Kyule, na tumegombana kuliko ndugu wa tumbo moja.

Asubuhi ndiyo saa yetu. Hatuna mashine, hatuna mpira wa maji. Tunateka maji kwa mtungi na kunyunyizia kwa kopo nililolitoboa matundu kwa msumari. Napiga magoti juu ya gunia, naingiza vidole kwenye udongo ungali na baridi, nang'oa kijani kimoja kimoja na kukikung'uta. Jembe silitaki. Jembe halijui hii ni dania na hii ni takataka, lakini vidole vinajua. Nikimaliza mgongo unaniuma, kucha zina udongo mpaka Jumapili kanisani, na moyo umetulia tuli. Mwanangu Frankline hunipigia simu kutoka Mombasa: "Mama, si mama mboga anapita hapo mlangoni kila siku? Unajisumbua nini?" Namwambia anyamaze. Kwani nani alimwambia ni mambo ya mboga?

Basi, mwezi wa tatu Mwelu akaja kukaa kwenye ngazi yangu, uso umemwanguka. Mama yake, ambaye sisi sote tunamwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, alikuwa akiishi peke yake kule Kathonzweni. Ana miaka themanini na minne. Mwezi wa kwanza alianguka akitoka kisimani, akalala pale chini tangu asubuhi mpaka jua la saa nane, ndipo mpita njia akamwona. Tangu siku hiyo Mwelu halali. Simu ikilia anaruka.

"Amekubali kuja," akaniambia. "Wiki mbili tu, anasema, aone kama kunakalika. Mama Frankline, nataka akae. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Akirudi kule peke yake, siku moja nitapigiwa simu niende kuzika."

"Atakaa," nikamwambia. "Nani atakataa kukaa akiniona mimi jirani?"

Akacheka kidogo. Akaniomba nimwagilie shamba lake zile siku kumi atakazokuwa Makueni kumfungashia mama yake. Kumwagilia tu, hakuongeza neno lingine. Hapo ndipo kosa lake lilipo, na hilo nitamwambia mpaka tuzikwe.

Siku mbili za kwanza nilimwagilia. Siku ya tatu mvua ikanyesha usiku, udongo ukalainika, na asubuhi nikaona majani yamechomoza kila mahali. Nikaona aibu kwa niaba yake. Mwaitu anakuja, mgeni wa heshima namna hiyo, halafu akute shamba la bintiye halina mwenyewe? Nikachukua gunia langu nikavuka chupa.

Nilianza na sukuma, nikaenda kwa vitunguu, nikaenda kwa kunde. Mrenda uliojiotea wenyewe nikauacha, huo ni chakula. Saga nikaiacha, hicho ni chakula cha watu wenye akili. Managu nikayaacha. Halafu pembeni kule, chini ya ukuta, nikakutana na odielo.

Odielo unaijua hata kama hujui jina lake. Ni lile jani laini linalotambaa, lenye kiua kidogo cha buluu. Kwetu Siaya ni adui. Ukiikata inaota mara mbili. Ukiing'oa na kuiacha juu ya udongo, inashika mizizi tena na kukutazama. Mama yangu alikuwa akiianika juu ya jiwe kama mtu aliyekosa, mpaka ikauke kabisa. Nilichapwa nikiwa na miaka saba kwa sababu ya odielo niliyoisahau kwenye mahindi. Na hapa kwa Mwelu imeenea upana wa mkeka mzima! Nikasikitika. Nikasema, yaye, ofisi ilimharibu huyu mama, hata gugu halijui. Nikaing'oa yote. Kila kamba niliifuata mpaka mwisho wake, na vile vipande vidogo vilivyokatika nikavichambua kwenye udongo kama mchele. Nikajaza karai mbili, nikampelekea Bwire.

Bwire anakaa nyumba ya mwisho kwenye safu yetu. Ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Kariobangi, na nyuma ya nyumba anafuga sungura kumi na wawili kwenye vizimba vya waya alivyovitengeneza mwenyewe, vimeinuliwa kwa miguu ya chuma. Alifurahi sana. "Mathe, leo hawa wataomoka, watakula mpaka washibe," akasema, akiwatupia majani.

Nikarudi nikasimama mlangoni kuitazama kazi yangu. Ilikuwa safi, nakuapia. Niliita hata majirani waje waone.

Walifika Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana. Mwaitu ni mdogo wa umbo, anatembea na fimbo, amejifunga leso mbili, na mfuko wake wa kunde alikuwa ameukumbatia mwenyewe, hataki kupokewa. Mimi nilikuwa nimefunga kitambaa changu kizuri, nangoja kushukuriwa. Hakuniangalia. Hata nyumbani hakuingia. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye pembe ya ukuta, akaegemea fimbo, akainama polepole, akaweka kiganja juu ya ule udongo wangu safi. Akapapasa huku, akapapasa kule.

"Mwelu," akaita. "Kikowe changu kiko wapi?"

Mwelu alitazama pale ukutani, na nikaona rangi inamtoka. Ndipo nikaelewa. Kumbe kikowe ni odielo. Kumbe Wakamba wanaipika pamoja na majani ya kunde! Mwaitu mwenyewe ndiye aliyeileta kutoka Kathonzweni miaka kumi na mmoja iliyopita, vipande vitatu ndani ya kitambaa kibichi, akavipanda pale kwa mkono wake. Akipiga simu alikuwa akiulizia kikowe kabla hajaulizia watu. Na usiniulize inakuwaje jirani wa miaka ishirini na sita asijue. Mwelu amenipikia kikowe mara ngapi sijui, na mimi nimekula na kuramba vidole, nikidhani ni mchicha.

"Mwaitu, mimi hata sielewi," Mwelu akaanza. "Nilipoondoka kilikuwa..."

"Huelewi." Mama yake hakupaza sauti. Alikaa kwenye ngazi, akauweka mfuko wa kunde miguuni. "Uliniambia hapa kwako kuna nafasi yangu. Nilikuachia kitu changu kimoja, kidogo tu, kisichohitaji hata kubembelezwa, na hicho kimekushinda. Ukisahau kikowe changu utanisahau na mimi. Wiki mbili ni nyingi. Jumatatu asubuhi nirudishe kwangu."

Sasa nikwambie ukweli. Nilifikiria kunyamaza. Wangedhani ni kuku, wangedhani ni jua, na mimi ningeingia ndani kwangu nipike. Nilikuwa mwoga kwa muda kama wa kusali Baba Yetu mara moja. Kisha nikamwona Mwelu anapangusa macho kwa mgongo wa mkono, Mwelu ambaye sijawahi kumwona akilia hadharani, na moyo ukaniuma vibaya. Nikaruka zile chupa.

"Mwaitu, si yeye. Ni mimi niliyeking'oa."

Akainua macho. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ni Mama Frankline, jirani. Niliachiwa kumwagilia, nikaingia kupalilia. Kwetu hilo jani ni gugu, nilichapwa kwa sababu yake. Sikujua linaliwa. Binti yako hakusahau kitu. Kilikuwa kimeenea upana wa mkeka, na alikuwa amekiwekea mbolea. Haki ya Mungu, kama kuna mtu wa kurudishwa kwao Jumatatu, ni mimi."

Mwelu akanigeukia. "Umeking'oa chote? Halafu ukaacha huu?" Akaunyoshea kidole ule mrenda. "Umeacha magugu ukang'oa mboga!"

"Mrenda si magugu!"

"Unavutika kama kamasi!"

"Na wewe unalisha watu chakula cha sungura bila kuwaambia!"

Tungeendelea mpaka jioni, sisi tunajuana, lakini Mwaitu akagonga fimbo chini. "Ulikitupa wapi?" akaniuliza.

"Nilimpa Bwire wa sungura."

"Ngai," akasema. Akafikiri. "Lini?"

"Wiki iliyopita. Siku saba leo."

"Kikowe hakifi upesi. Kakitafute."

Mimi ni mtu wa miaka sitini na mbili na mwili ninao, lakini siku hiyo nilikimbia. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja kunitazama. Nilimkuta Bwire nyuma ya nyumba, ameshika koleo. Jumamosi ndiyo siku yake ya kuzoa samadi chini ya vizimba.

"Niaje mathe, kwani kuna moto?"

"Yale majani niliyokuletea yako wapi?"

"Zile? Ziliisha jioni ile ile. Hawa wasee hawana mchezo."

"Hata kipande?"

"Hata kipande, mathe." Akainua koleo aendelee na kazi.

"Bwire, weka hiyo koleo chini!"

Nadhani nilipiga kelele, maana aliiangusha. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya kizimba cha kwanza. Samadi tu. Cha pili, samadi na maganda. Cha tatu kiko kivulini, karibu na bomba linalovuja, na hapo nikaiona. Sungura walikuwa wamekula kwa fujo, vipande vikapenya kwenye waya vikaanguka kwenye ile samadi yenye unyevu, na odielo ikafanya kile ilichokuwa ikifanya kwenye mahindi ya mama yangu. Vipande sita. Kila kimoja kama kidole, na kwenye fundo vimeota vimizizi vyeupe vyembamba kama uzi. Miaka yote hiyo nimeichukia odielo kwa sababu haifi, na sasa nilikuwa chini ya kizimba cha sungura, machozi yananitoka, naishukuru kwa sababu hiyo hiyo.

Niliichimbua kwa vidole na samadi yake, nikaibeba kwenye sketi.

Mwaitu alikuwa bado kwenye ngazi. Alivihesabu vipande, akavigeuza, akaniambia nipige magoti nivipande mwenyewe. Nikasimamisha kimoja kama mche wa sukuma.

"Si hivyo. Kilaze. Fundo liguse udongo." Akaona nachelewa, akashuka, akapiga magoti kando yangu, akashika vidole vyangu kwa vyake vilivyopinda, akavisukuma chini. "Hapo. Sasa funika kidogo. Kidogo nimesema!" Mwelu naye akaja upande wa pili na kopo la maji, tukawa watatu pale ukutani tumeinama. Udongo ulikuwa na uvuguvugu wa mchana. Mwaitu alitazama kazi yetu.

"Mkono wako si mbaya," akaniambia. "Shida ni macho."

Mwelu akauliza, taratibu sana, "Mwaitu, na Jumatatu?"

Mama yake akavitazama vile vijiti sita. "Nitaviachaje na huyu?" akasema, akinionyesha kwa fimbo. "Si atang'oa tena? Nitangoja kikowe kishike. Nikishakichuma mara moja, nikakila, narudi kwangu. Nimesema."

Mwelu alinitazama juu ya kichwa cha mama yake. Kikowe kingehitaji mwezi mmoja kufikia kuchumwa, labda na siku chache. Hatukuwa na zaidi ya huo.

Mvua za mwezi wa nne zikaja vizuri. Mwaitu akawa anatutangulia kuamka. Tukifungua milango tunamkuta kwenye kistuli chake, ameinamia vitunguu, anazungumza navyo Kikamba. Alinifundisha kupanda kunde mbili mbili kwenye shimo moja. Nilimfundisha kuchambua saga. Nilimpikia mrenda kwa maziwa, akaonja, akasema ni sabuni, akamaliza sahani. Jioni alikuwa akikaa kando ya mpaka wetu wa chupa na Bwire akitoka kazini lazima asimame amsalimie, la sivyo kesho yake anaitwa kwa jina mbele ya watu. Alinenepa. Alicheka sana. Mimi na Mwelu tulikuwa tumelima miaka ishirini na sita, lakini lile shamba halijawahi kupendeza namna ile.

Mtu mmoja tu hakuwa na raha, naye ni Mwelu. Kila asubuhi jicho lake lilikwenda kwanza ukutani.

"Mama Frankline, usikimwagilie sana," akaninong'oneza siku moja.

"Kisinawiri nilaumiwe tena?"

"Kikinawiri anaondoka!"

Lakini kikowe hakikunawiri. Mwezi wa nne ukaisha, wa tano ukaisha. Kilikuwa kimeshika, kiko kijani, kina afya, ila kifupi tu, kimelala pale pale. Mwaitu alikuwa akikipapasa na kutikisa kichwa. "Bado," anasema. "Udongo wa Nairobi ni mzito." Mwelu anashusha pumzi, anaenda zake kupika.

Mimi sikushusha pumzi. Mimi naijua odielo tangu nikiwa na miaka saba, na haijazaliwa odielo ya kulala miezi miwili kwenye mvua, tena imepandwa na samadi ya sungura. Nikashuku funza. Nikashuku kuku wa kinyozi. Nikaamua kuvizia.

Asubuhi moja kumepambazuka tu, nikasogeza pazia. Mwaitu alikuwa kwenye kistuli chake kando ya ukuta. Alikuwa akikata ncha za kikowe kwa kucha, moja moja, zile laini zinazofaa sufuria, akiziweka kwenye pindo la leso. Alipomaliza alisawazisha yaliyobaki kwa kiganja, akasimama kwa fimbo, akaanza kwenda polepole mpaka mwisho wa safu. Nikavaa ndala nikamfuata.

Alikuwa amesimama mbele ya vizimba vya Bwire, anapitisha ncha kwenye waya. Wale sungura walikuwa wamejipanga. Walishamzoea.

"Mwaitu," nikamwambia, "kikowe kimekomaa tangu mwezi uliopita."

Hakushtuka. "Najua."

"Sasa?"

Alipitisha ncha nyingine, akangoja imalizwe. "Nilisema mbele ya watu nikikila narudi. Sitaki kurudi, Mama Frankline. Nilipoanguka kule nilimwita Mwelu mpaka sauti ikakauka, na nilijua yuko Nairobi. Naogopa ile nyumba. Lakini nimemwambia maisha yake yote kwamba mimi siogopi kitu, sasa nitaanzia wapi?"

Nilitaka kumwambia aseme tu, kwamba bintiye angeruka kwa furaha. Mdomo ulikuwa umefunguka tayari. Halafu nikamwona alivyoikamata ile leso, nikaufunga. Nikachukua ncha zilizobaki, nikawapa sungura.

"Kule nyuma ya sukuma umesahau kamba moja ndefu," nikamwambia. "Kesho nitakusaidia. Kwa kung'oa hiyo kitu hakuna anayenishinda."

Akanishika mkono kurudi, na alicheka mpaka tukafika kwa kinyozi.

Ndivyo tunavyoishi mpaka leo. Nakata ncha kwa siri, jirani yangu hajui, na sijawahi kupalilia kwa furaha namna hii. Asubuhi ya leo Mwelu alitoka na kikombe cha chai, akasimama ukutani kitambo kirefu. Mwaitu alikuwa upande wangu, anapalilia mrenda.

"Mama Frankline," Mwelu akasema, "wewe unaijua hii kitu kutoka utotoni. Mbona haikui?"

"Ni udongo," nikamwambia. Mwaitu hakuinua kichwa.

Mwelu akainama. Akaigusa ile ncha iliyokatwa, mbichi, bado ina maji. Akatazama kucha za mama yake. Kisha akachota udongo kidogo kwa vidole, akaifunika ncha ile vizuri mtu mwingine asiione.

"Basi tungoje," akasema, na akaingia ndani kumletea mama yake chai.